Ukialikwa Kajiado, maziwa na nyama havikutani

KILA jioni maelfu ya wafanyakazi wa Nairobi hupanda matatu kuelekea Ongata Rongai, Kiserian na Kitengela. Wanapika, wanalala, na alfajiri wanarudi jijini kutafuta riziki. Wengi wao hawajapata kufikiri kwamba kila usiku wanalala ugenini.

Majina ya mahali penyewe yanatosha kutukumbusha. Ongata Rongai ni Kimaasai, maana yake uwanda mwembamba. Kajiado limetokana na Olkejuado, yaani mto mrefu. Hata jiji letu la Nairobi lilipata jina lake kwa Wamaasai waliokuwa wakinywesha ng'ombe wao kwenye maji baridi.

Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Ongata Rongai ilikuwa na wakazi zaidi ya 170,000 na Kitengela zaidi ya 150,000. Wengi wao ni watu wa makabila mengine waliokuja kupanga nyumba au kununua ploti. Licha ya ujirani huo, chakula cha Kimaasai tunachokijua wengi wetu ni kimoja tu: nyama choma ya Jumapili inayopimwa kwa kilo, ikakatwakatwa juu ya ubao na kuliwa kwa ugali, kachumbari na chumvi pembeni.

Nyama hiyo ni tamu, hakuna anayebisha. Lakini bucha ya barabarani ni biashara, nao ukaribisho wa bomani ni jambo jingine kabisa. Siku moja utaalikwa. Mwanao atasoma na mtoto wa Kimaasai, au mpwa wako ataoa huko Bissil, au mfanyakazi mwenzako atakuita kwenye sherehe kwao Mashuuru. Siku hiyo ukienda na desturi za mjini pekee, utaaibika. Tumezoea kusema kwamba jogoo la shamba haliwiki mjini. Tukumbuke kwamba na wa mjini akifika shambani hukaa kimya kwanza.

SALAMU KABLA YA CHAKULA

Kwa Wamaasai, mtu hawezi kuingia na kuanza kula kabla hajasalimu, na kila rika lina salamu yake. Mwanamume husalimiwa "Sopa," naye hujibu "Ipa." Mwanamke husalimiwa "Takwenya," naye hujibu "Iko."

Watoto hawasalimu kwa mkono. Mtoto huja mbele ya mtu mzima akiwa ameinamisha kichwa, na mkubwa huyo humgusa utosini kwa kiganja. Mtoto akikusogelea hivyo, usibaki umeduwaa ukimnyoshea mkono. Mguse kichwa. Ukimwacha amesimama, ni kama umemnyima baraka mbele ya wazazi wake.

Jambo jingine linalowashtua wageni ni mate. Mzee wa Kimaasai anaweza kutema mate kidogo katika kiganja chake kabla ya kukushika mkono, au kumrushia mtoto mchanga matone machache. Mtu wa mjini atadhani ametusiwa, kumbe amebarikiwa.

MWENYE NYUMBA NI MAMA

Nyumba ya Kimaasai, enkaji, hujengwa na mwanamke kwa fito, udongo na samadi, naye ndiye mwenyewe. Vibuyu vya maziwa ni vyake, na ndiye anayeamua nani anywe na kiasi gani. Mgeni anayemshukuru baba mwenye boma na kumsahau mama aliyemmiminia maziwa amekosea anwani. Neno la kushukuru ni "Ashe oleng," asante sana.

Maziwa ndiyo chakula chenyewe hasa. Kuna maziwa mabichi, na kuna yaliyogandishwa kibuyuni, kule naoto, ambayo yanafanana na mala tunayonunua dukani lakini yana harufu ya moshi. Harufu hiyo haitokani na uchafu. Mama huchukua kijiti cha mzeituni wa mwitu, oloirien, akakichoma hadi kiwe kaa, kisha husugua nacho ndani ya kibuyu. Majivu yanayobaki huyafuta kwa brashi ya nywele za mkia wa ng'ombe. Moshi huo husafisha kibuyu, huyafanya maziwa yakae siku nyingi na huyapa ladha. Ni teknolojia ya watu wasiokuwa na stima wala friji, na imewafaa kwa vizazi vingi.

Alfajiri, baada ya kukama, akina mama wa jadi hurusha matone ya maziwa hewani wakimwomba Enkai, Mwenyezi Mungu wa Wamaasai. Anayedhani hayo ni ya Wamaasai peke yao aangalie mbali kidogo. Katika milima ya Andes huko Amerika Kusini, wenyeji wa Peru na Bolivia hawanywi chicha, pombe yao ya mahindi, kabla ya kumwaga matone ya kwanza ardhini kwa Pachamama, yaani Mama Ardhi. Huko nako msafiri anayebugia bikira ya pombe bila kumwaga tone huonekana hakulelewa.

NYAMA INA SIKU YAKE

Sasa tufike kwenye sheria inayowashangaza wageni kuliko zote. Kwa desturi, Mmaasai hachanganyi maziwa na nyama. Ukinywa maziwa leo, nyama ina siku yake nyingine. Kuvichanganya tumboni ni kumkosea heshima ng'ombe, ambaye huwezi kumnyonya na kumtafuna kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mgeni akiletewa kibuyu cha maziwa kisha akauliza nyama iko wapi, ameuliza swali baya. Hata kama familia nyingi siku hizi zimelegeza kamba, mzee wa boma atakuwa bado anaikumbuka sheria.

Nyama nayo haigawanywi ovyo. Mnyama akichinjwa, kuna sehemu za wazee, za akina mama, za morani na za watoto. Morani, yaani vijana waliotahiriwa na ambao bado hawajawa wazee, hawali nyama iliyoonwa na wanawake walioolewa. Wala kijana huyo hanywi maziwa peke yake; sharti awe na mwenzake wa rika. Mtu wa jijini aliyezoea kujifungia chumbani na sahani yake angepata taabu hapo. Nia ya sheria hiyo ni kwamba kijana asijifunze kushiba huku mwenzake akiwa na njaa.

Ndiyo maana morani huenda porini kwenye kambi ya nyama iitwayo olpul. Huko huchinja ng'ombe, hula na kunywa supu kwa siku kadhaa, wakajenga miili na urafiki wao mbali na macho ya nyumbani.

Supu hiyo si ya kawaida. Huchemshwa na magome na mizizi ya miti, mathalan olkiloriti, ambao ni aina ya mgunga. Huwa chungu na nyekundu, na wenyewe husema inasaidia tumbo kuyeyusha mafuta na kumpa mtu nguvu. Mwaka 1964 daktari Mmarekani George Mann na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu Wamaasai wa Tanzania. Waliwakuta watu wanaoishi kwa maziwa na nyama, na bado kolesteroli katika damu yao ilikuwa chini na maradhi ya moyo yalikuwa nadra. Wanasayansi wamebishana tangu hapo juu ya sababu: wengine wanataja kutembea kwingi, wengine magome hayo ya supu. Anayekula kilo mbili za mbuzi akiwa ameketi, kisha akapanda gari kurudi nyumbani, asijitetee kwa utafiti huo.

DAMU NA POMBE YA ASALI

Wageni wengi huuliza habari za damu. Ni kweli kwamba ng'ombe hutobolewa mshipa wa shingo kwa mshale maalumu usioingia ndani sana, damu ikakingwa, kidonda kikazibwa na mnyama akarudi malishoni. Lakini damu haikuwa kinywaji cha kila siku. Ilipewa hasa mama aliyejifungua, kijana aliyetahiriwa au mtu aliyepoteza damu, na ilisaidia wakati wa ukame maziwa yalipopungua. Siku hizi desturi hiyo imefifia sana, na kinywaji ambacho mgeni atapewa karibu kila boma ni chai ya maziwa yenye sukari tele.

Pombe ya jadi ni enaisho, inayotengenezwa kwa asali, maji na mizizi ya shubiri, na kuachwa ichachuke karibu na moto. Hii ni ya wazee na ya sherehe. Hubariki ndoa, hupatanisha waliogombana na huaga rika linaloondoka. Kwa desturi morani hawakuruhusiwa kuigusa. Vijana wetu wanaodhani kwamba pombe ndiyo alama ya utu uzima wangefaa kuisikia habari hiyo.

YASIYOULIZWA

Usimwulize Mmaasai ana ng'ombe wangapi au watoto wangapi. Kwa jadi, kuhesabu viumbe hai ni kuviitia balaa, na kwa adabu ya kawaida ni sawa na kumwuliza mtu wa jijini ana pesa ngapi benki. Usilitaje ovyo jina la marehemu wa boma hilo. Usipige picha kabla ya kuomba ruhusa. Wala usimpelekee mwenyeji mzee wa jadi samaki au kuku ukidhani umemletea kitoweo, kwa maana kwa mila yao hivyo si vyakula.

Upande wa afya lazima tuseme wazi. Maziwa yasiyochemshwa yanaweza kuleta brusela, ugonjwa wenye homa ya kurudiarudia, jasho la usiku na maumivu ya viungo, ambao mara nyingi hudhaniwa ni malaria. Kugandisha maziwa hakuui vijidudu vyote. Mwenye mimba na mwenye watoto wadogo aombe chai iliyochemka. Kuomba chai si kumdharau mwenyeji. Nyama ya mnyama aliyejifia isiliwe kabisa, kwa sababu ya hatari ya kimeta.

KIBUYU KINAKAUKA

Hayo yote yanategemea ng'ombe, naye ng'ombe anategemea ardhi. Sheria ya mwaka 1968 iliwapa Wamaasai mashamba ya pamoja yaliyomilikiwa kwa vikundi. Shamba la pamoja la Kitengela liligawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980. Kila mwanachama alipata kipande chake, na punde si punde wanunuzi kutoka jijini wakaanza kubisha hodi. Mahali ambapo ng'ombe walipita kufuata mvua, leo kuna ua wa seng'enge na nyumba za ghorofa. Kisha ulikuja ukame wa kuanzia mwaka 2020 hadi mapema 2023, ulioua mifugo zaidi ya milioni mbili nchini Kenya, na Kajiado ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoumia.

Boma lililobaki na ng'ombe wawili haliwezi kutenga siku ya maziwa na siku ya nyama. Linakula kinachopatikana: ugali, kabeji, wali, na maziwa ya pakiti kutoka dukani. Msichana ambaye nyumbani kwao hakuna maziwa ya kugandisha atajifunzia wapi kusugua kibuyu kwa kaa la oloirien? Na desturi ya kumpa mgeni kabla ya mtoto wa nyumbani ni nzito kwa mama ambaye kibuyu chake hakijai.

Hatuwezi kuwaambia wakazi wa Rongai na Kitengela wahame. Wengi wamejenga kwa jasho lao, na watoto wao wamezaliwa huko. Lakini mkazi anaweza kujifunza salamu ya jirani yake. Anaweza kuwanunulia watoto wake maziwa kwa mfugaji wa karibu na kuyachemsha. Anaweza kufungua lango ng'ombe wapite badala ya kuwapigia honi. Na akipata mwaliko, afike mapema, ainame kupita mlango mfupi, amsalimu mama mwenye nyumba, na ale alichopewa siku hiyo bila kuulizia cha kesho.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko Kajiado wageni tumekuja kwa maelfu. Kilichobaki ni kuona kama mwenyeji atapona.