Karatasi ya kilioni inawaonea wajane

Katika vilio vya Fizi, mashariki mwa Kongo, kuna dakika chache ambazo hata watoto hunyamazishwa. Mmoja wa familia anasimama na karatasi iliyochanwa kwenye daftari, anasoma historia ya marehemu. Mama alizaliwa kuelekea mwaka fulani, akaolewa, akazaa, akabaki mjane, akavumilia, akaugua, Mungu akamchukua. Amina. Nyimbo zinaendelea.

Chukua mama wa Kilembwe, huko Lulenge, aliyefariki miaka hii akiacha wajukuu na vitukuu. Akiwa binti alikimbilia porini wakati wa vita vya waasi wa Simba, 1964. Mwaka uliofuata Che Guevara alikaa miezi saba katika milima ya Fizi, na vitabu vimejaa habari zake. Waliolima muhogo uliolisha wapiganaji hawamo. Mwaka 1967 Laurent-Désiré Kabila akaanzisha chama cha waasi cha PRP, na ngome yake ya porini, Hewa Bora, ikadumu miaka mingi. Ikaja vita ya 1996, kisha ya 1998. Watu wakavuka Ziwa Tanganyika hadi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, Tanzania. Safari za kurudishwa kwa boti kupitia Baraka zilianza 2005.

Katikati ya kukimbia huko ndipo wengi walipobaki wajane. Na mume akishazikwa, swali ni shamba. Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inawaweka watoto katika daraja la kwanza la warithi. Mjane yuko la pili, pamoja na wazazi na ndugu za mumewe. Hapo mashemeji huja na maneno matamu. Mama aliyezeeka akiwa bado analima shamba lilelile alilipigania, tena bila wakili.

Wanawe wakaenda kwenye machimbo ya dhahabu, wakamwachia wajukuu. Mafuta ya mawese na sombe aliyouza sokoni ndiyo yaliyolipa shule, miaka mingi kabla serikali haijatangaza masomo ya msingi bila malipo, 2019. Hayo yote, kwenye karatasi, ni neno moja: “alivumilia.” Kana kwamba alikaa tu akingoja!

Mwenye bibi aliye hai amuulize sasa: mlipokimbia mlipita mto gani, nani alikukopesha mbegu, shemeji yupi ulimkatalia. Aandike. Na siku ya kilio, mchungaji apunguze mahubiri ili karatasi hiyo isomwe yote.