Cedar Rapids: Makumbusho yaliyokataa kuuhama mto

Mji wa Cedar Rapids katika jimbo la Iowa, katikati ya Marekani, si miongoni mwa miji inayotajwa sana na watalii. Hata hivyo, makumbusho yake yanasimulia jinsi jamii za wahamiaji zilivyoilinda historia yao dhidi ya mafuriko yaliyokaribia kuifuta.

Mji huo wenye wakazi wapatao 137,000 uko magharibi ya Chicago, mwendo wa takriban saa nne kwa gari. Umejengwa kwenye kingo zote mbili za Mto Cedar, na kwa miaka mingi umetegemea viwanda vya kusindika nafaka na nyama. Kazi za viwandani, mashamba na biashara ndogo ndogo ndizo zilizowavuta wageni kutoka Ulaya ya Kati na Mashariki ya Kati.

Juni 13, 2008, maji ya mto huo yalipanda hadi kimo cha takriban mita 9.5, wakati rekodi iliyotangulia ilikuwa karibu mita 6. Zaidi ya nyumba 5,000 ziliathirika. Taasisi nyingi za utamaduni, zilizokuwa katika mitaa ya bondeni, nazo hazikusalimika.

Jengo lililonyanyuliwa

Pigo kubwa zaidi liliangukia Makumbusho ya Taifa ya Wacheki na Waslovakia. Jengo lake lilizinduliwa mwaka 1995 mbele ya marais watatu: Bill Clinton wa Marekani, Václav Havel wa Jamhuri ya Cheki na Michal Kováč wa Slovakia. Miaka 13 baadaye, maji yaliingia ndani kwa kina cha zaidi ya mita mbili, yakifunika mavazi ya asili, vitabu na vyombo vilivyoletwa na wahamiaji kutoka kwao.

Viongozi wa makumbusho hayo wangeweza kuhamia mlimani, mbali na mto. Badala yake walichagua kubaki katika mtaa ambao mababu zao walianzia maisha. Mwaka 2011 jengo zima, lenye uzito wa zaidi ya tani elfu moja, lilinyanyuliwa zaidi ya mita tatu na kusogezwa umbali wa mita 146 hivi, kisha likawekwa juu ya maegesho ya magari. Mto ukifurika tena, maji yataingia kwanza kwenye maegesho. Milango ilifunguliwa upya mwaka 2012.

Ng'ambo ya pili ya mto yapo Makumbusho ya Wamarekani Weusi ya Iowa, yaliyoanzishwa mwaka 1993 na waumini wa kanisa moja la Kibaptisti mjini humo. Maonyesho yake yanafuata safari ndefu kutoka Afrika Magharibi, kupitia utumwa, hadi mapambano ya kudai haki katika jimbo la Iowa. Nayo yaliingiwa na maji mwaka 2008, yakafunguliwa tena mwaka uliofuata.

Msikiti Mama

Wageni wengi hushangaa kukuta katika mji huu msikiti mkongwe kuliko yote iliyojengwa mahususi kwa ajili ya ibada na ambayo ingali imesimama nchini Marekani. Msikiti huo, unaojulikana kama Msikiti Mama wa Marekani, ulikamilishwa mwaka 1934 na wahamiaji kutoka maeneo ya Lebanon na Syria ya leo. Ni jengo dogo la mbao lenye kuba ya wastani, katikati ya nyumba za kawaida.

Waumini walipoongezeka, walijenga kituo kikubwa zaidi mwanzoni mwa miaka ya 1970 na msikiti wa zamani ukauzwa. Kwa muda ulitumika kwa shughuli nyingine, ikiwemo kuwa kanisa. Mwaka 1990 Waislamu waliununua tena na kuukarabati, na mwaka 1996 ukaingizwa katika orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria. Mafuriko ya 2008 yalijaza chumba chake cha chini ya ardhi na kuharibu nyaraka na picha za kale. Kuta zilikarabatiwa, lakini karatasi hizo hazina mbadala.

Dari la mchoraji

Mji huu ndiko alikoishi pia mchoraji Grant Wood. Mwaka 1930, akiwa katika dari la banda lililokuwa mali ya wenye nyumba ya mazishi, alichora "American Gothic", picha ya mwanamume mwenye uma wa shambani na mwanamke aliye kando yake. Picha yenyewe iko Chicago, lakini banda hilo sasa ni sehemu ya Makumbusho ya Sanaa ya Cedar Rapids, yenye hazina kubwa ya kazi zake.

Hatari haijaisha

Mwaka 2016 mto ulifurika tena, na vizuizi vya muda vilivyowekwa haraka vikaokoa sehemu kubwa ya mji. Ujenzi wa kuta na matuta ya kudumu unaendelea kwa awamu, katika mpango unaokadiriwa kugharimu dola milioni 750.

Katika miaka ya karibuni, Cedar Rapids imepokea pia wakimbizi kutoka Kongo na Burundi, wengi wao wakizungumza Kiswahili. Wacheki na Walebanoni waliowatangulia nao walianza na nyumba za kupanga na kazi za viwandani, na ilichukua miongo kadhaa kabla ya kupata mahali pa kutunzia picha, nyaraka na mavazi yao. Yale yaliyoupata Msikiti Mama yanaonyesha kwamba, kando ya mto huu, kukusanya kumbukumbu hakutoshi. Ni lazima pia zihifadhiwe mahali ambapo maji hayafiki.