Karabai na Kurunzi: Istilahi ya Nishati ya Milipuko ya Gamma

Neno *mlipuko* hubeba dhana isiyotajwa: kwamba kilicholipuka kimerusha nguvu zake pande zote kwa usawa. Dhana hiyo iliwatatiza wanaastronomia walipokadiria nishati ya milipuko ya miali ya gamma, na Kiswahili cha ufukwe wa Kigoma kina maneno mawili ya kuifafanulia.

Usiku wa giza, mwezi usipokuwapo, wavuvi wa dagaa huwasha taa juu ya Ziwa Tanganyika. Zamani zilikuwa karabai (neno lenyewe limetokana na kabaidi, ingawa taa hiyo hutumia mafuta ya taa). Siku hizi taa za betri zimezipokonya kazi. Karabai humulika pande zote: aliyeko Ujiji na aliyeko Kibirizi, wakiwa umbali sawa nayo, huona mwanga sawa. Mvuvi akielekeza kurunzi Ujiji, wa Kibirizi haoni kitu. Na wa Ujiji, akidhani ni karabai, hukadiria taa kubwa mno kuliko iliyopo.

Tarehe 23 Januari 1999 setilaiti ya BeppoSAX, iliyokuwa ikiteremshia data zake katika kituo cha Waitaliano karibu na Malindi, Kenya, ilinasa mlipuko ambao kwa hesabu ya karabai ulitoa jouli 3 × 10⁴⁷ hivi, kana kwamba masi ya Jua, karibu mara mbili, imegeuzwa kuwa mnururisho. Kiasi hicho hakielezeki kwa kifo cha nyota moja.

Ushahidi wa kurunzi ulitokana na kufifia. Mwanga uliosalia ulipungua taratibu, kisha baada ya siku mbili hivi ukapungua kwa kasi zaidi. Mada iendayo karibu na kasi ya mwanga humwonyesha mtazamaji kipande kidogo tu cha uso wake. Ipunguzapo mwendo, kipande hicho hupanuka, mpaka ukingo wa mkondo ufikiwe na pasiwe na cha kuongezeka. Wakati wa badiliko hilo ndio utoao upana wa mkondo: nyuzi 5 hivi kutoka katikati hadi ukingoni. Mikondo miwili ya namna hiyo, ielekeayo kinyume, huchukua sehemu 1 kati ya 260 ya pande zote. Nishati hushuka hadi jouli 10⁴⁵ hivi, ambazo nyota kubwa inayoporomoka yaweza kuzitoa.

Kadirio la kwanza, basi, lafaa kuitwa *nishati sawapande*, na la pili *nishati halisi*. Jina moja kwa yote mawili humpotosha msomaji. Hata hiyo *halisi* ina sharti lake, kwani upana hukokotolewa kwa kukisia msongamano wa gesi iliyoizunguka nyota.