SHADA LA VULI: MALI ILIYO KATIKA WIGO WAKO

Wakulima wengi wa Kikuyu, Dagoretti na Kangemi hupogoa wigo wao, kisha huyachoma matawi. Kumbe mjini Nairobi, katika City Market iliyo kando ya barabara ya Muindi Mbingu, majani na maua ni bidhaa yenye wanunuzi.

Katika Ulaya na Marekani watu husuka shada la majani yaliyogeuka rangi kabla ya baridi kuu, wakalitundika mlangoni. Kwetu majira yanayofaa ni vuli, tangu Oktoba hadi Desemba, mvua inapochipuza majani mapya. Tena Jumapili ya pili ya Novemba mashada huwekwa katika makaburi ya vita yaliyo barabara ya Ngong, kuwakumbuka askari waliokufa. Baadaye huja Krismasi. Na mazishi hayangoji majira.

Vitu vinavyohitajiwa

Tafuta matawi ya saipresi, mkaratusi na mgrevilea. Majani ya mgrevilea yana rangi ya fedha upande wa chini, na hupendeza sana. Maua ya jakaranda usiyatumie, maana huanguka upesi. Kwa kufungia, kamba nyembamba ya katani yatosha.

Namna ya kusuka

Kwanza, kata matawi asubuhi mapema kabla ya jua kali. Yasimamishe ndani ya ndoo ya maji, kivulini, usiku kucha. Tawi lisilokunywa maji hunyauka kabla ya kufika sokoni.

Pili, chukua mashina mabichi ya mpasheni uliopogolewa. Yazungushe mara nne kufanya duara la upana wa sentimita 35, kisha funga mahali panne.

Tatu, gawanya majani katika vifungu vya urefu wa shibiri moja: saipresi nyuma, mkaratusi katikati, mgrevilea mbele. Laza kifungu juu ya duara, uzungushe kamba mara tatu, uikaze. Usiikate kamba. Kifungu cha pili kifunike vikonyo vya kile cha kwanza, na vyote vielekee upande mmoja. Vikonyo vya kifungu cha mwisho vifiche chini ya kichwa cha kile cha kwanza.

Nne, litikise shada kwa nguvu. Likilegea, fungua usuke upya. Mfikirie mtu aliyefiwa, amesimama kaburini huko Lang'ata, na shada linamwanguka vipande vipande mikononi. Ni aibu kwake siku ya huzuni, na wewe hatakurudia tena.

Mwisho, nyunyiza maji, ufunike kwa gunia lililoloweshwa.

Jihadhari

Usikate matawi katika msitu wa Karura wala wa barabara ya Ngong bila ruhusa ya Shirika la Huduma za Misitu. Kata katika wigo wako, au omba kwa jirani. Usitumie mwoleanda: sehemu zake zote zina sumu kwa watu na wanyama. Mabaki ya majani usiwatupie mbuzi wala ng'ombe.

Kabla ya kusuka mashada mengi, peleka moja tu kwa wauza maua, uulize bei, utoe nauli, ndipo uone faida. Ikiwapo, usiwashe tena moto ule wa matawi.