Wosia si Uchuro

Wengi wetu tusomao katika shule hii ni wenyeji wa Ukonga na majirani zake: Gongo la Mboto, Majohe, Kitunda, Kivule, mpaka Pugu. Tumewaona wazazi wetu wakijenga. Mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, mwaka wa tatu bati. Na pengine mtoto humaliza darasa la saba kabla nyumba haijapigwa lipu. Katika kazi hiyo hakuna aliye mvivu. Walakini ukimwuliza mwenye nyumba, "Siku Mungu akikuita, nyumba hii itakuwa ya nani?" atanyamaza, au atakukemea kwamba wamtakia uchuro.

Nimechagua kueleza habari za wosia kwa sababu moja ituhusuyo sisi wanafunzi. Mzee akisha kukata shauri la kuandika wosia, mara nyingi hamwendei mwanasheria. Humwita mtoto wake aliye sekondari akamwambia, "Njoo mwanangu, wewe umesoma. Chukua daftari uniandikie." Mtoto hufurahi kwa heshima hiyo, akakaa chini, akaandika kwa mwandiko mzuri. Nataka kuonyesha kwamba karatasi hiyo, ingawa imeandikwa kwa nia safi, yaweza kuiponza nyumba nzima; na kwamba msaada wa kuiandika sawasawa haupo mbali nasi.

Kwanza, wosia ni nini? Ni tamko la mtu mwenye akili timamu, alitoalo kwa hiari yake akiwa hai, kusema mali yake igawanywe vipi baada ya kufa kwake, na nani asimamie ugawaji huo. Wosia watofautiana na maandishi mengine. Mkataba ukiwa na neno gumu, waweza kumwita aliyeutia sahihi akakueleza. Lakini wosia husomwa mwenyewe akiwa kaburini. Hawezi kuulizwa, "Je, sahihi hii ni yako? Je, hukulazimishwa?" Ndiyo maana sheria haitosheki na maneno matamu yaliyoandikwa, bali hutaka mashahidi.

Tena kifo hakipigi hodi. Wenyeji wa huku hawajasahau usiku wa Februari 16, 2011, mabomu yalipolipuka katika ghala za kambi ya jeshi ya Gongo la Mboto. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, na maelfu walikimbia makwao gizani. Waliokufa usiku ule walikuwa wameamka asubuhi kama sisi, wakiwa na mipango ya kesho.

Basi mtu akifa bila wosia hutokea nini? Kwa kawaida jamaa hukutana katika kikao cha ukoo na kumchagua atakayeomba usimamizi wa mirathi. Huyo hupeleka mahakamani muhtasari wa kikao pamoja na cheti cha kifo, na tangazo hutolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Akisha kuteuliwa na Mahakama ya Mwanzo, hupaswa katika muda wa miezi minne, au zaidi akiruhusiwa, kuionyesha mahakama mali yote na madeni yote ya marehemu.

Jamaa wakipatana, njia hiyo hupitika. Wasipopatana, swali la kwanza huwa: itumike sheria ipi? Maana nchini mwetu kuna sheria za mila, sheria ya Kiislamu, na sheria ya serikali iliyo ya wote. Mahakama hutazama jinsi marehemu alivyoishi na nia yake ilivyokuwa. Katika mji kama wetu, ambamo Mzaramo, Mkurya, Mchaga na Mhaya hukaa uchochoro mmoja, na mume na mke huenda si wa kabila moja, jawabu lake si jepesi.

Na jawabu hilo ni kubwa kwa akina mama. Kanuni za mila za urithi zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 ziliandika kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa mumewe ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza wao. Wajane wawili wa nchi hii walizipinga kanuni hizo mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba zina ubaguzi, lakini haikuzifuta. Shauri lao lilikwenda mpaka Umoja wa Mataifa, ambako mwaka 2015 kamati inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ilisema kwamba haki zao zimevunjwa. Miaka yote hiyo ilipita wakidai. Mume aliyeandika wosia ulio sawa humpunguzia mkewe safari kama hiyo.

Sasa turudi kwa yule mwanafunzi na daftari lake. Tuseme yupo mzee mmoja wa Majohe, mwenye nyumba ya vyumba vinne na kiwanja kidogo huko Chanika. Ana mke na watoto watatu, na mtoto mwingine aliyezaliwa kabla ya ndoa hiyo, akaaye kwa bibi yake shamba. Mzee amwambia kijana wake aandike: nyumba ni ya mama yenu, kiwanja mgawane ninyi watatu. Kijana aandika kwa penseli, kwa sababu kalamu imekwisha wino. Tarehe yasahauliwa. Mashahidi ni mama na kijana mwenyewe. Karatasi yawekwa sandukuni chini ya nguo.

Miaka minne baadaye mzee afariki. Karatasi yatolewa mbele ya ukoo, na baba mdogo auliza: "Mwandiko huu ni wa kijana. Mashahidi ndio hao hao wapewao mali. Yule mtoto wa kwanza hatajwi kabisa. Nitajuaje kwamba haya ni maneno ya kaka yangu?" Wenzangu, tusiharakishe kumwita baba mdogo mwovu. Swali lake lina haki, na hata hakimu angeliuliza. Wosia ukianguka, mali hugawanywa kana kwamba haukuandikwa. Basi yule mama ambaye mumewe alitaka kumlinda, abaki mikono mitupu kwa kosa la kalamu yetu.

Sheria yataka nini? Kwa kanuni za mila, wosia wa maandishi huandikwa kwa wino au kupigwa chapa, si kwa penseli. Huwekwa tarehe, na mwenyewe hutia sahihi au dole gumba. Ajuaye kusoma na kuandika huhitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja baki. Asiyejua huhitaji wanne, wawili wa ukoo na wawili baki. Mashahidi wawe wenye kujua kusoma na kuandika, na mke aliyepo nyumbani hushuhudia juu ya idadi hiyo. Wosia wa mdomo nao waruhusiwa, mbele ya mashahidi wanne.

Mwislamu afuataye sheria ya dini yake aweza kuusia theluthi moja tu ya mali yake, tena si kwa mtu aliye mrithi, ila warithi wengine wakikubali. Zilizobaki hugawanywa kwa mafungu yajulikanayo. Kwa wasiofuata mila wala sheria ya Kiislamu, mahakama zetu zimetumia Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, iliyoletwa wakati wa ukoloni. Hiyo yataka mashahidi wawili au zaidi, na shahidi aliyeachiwa kitu katika wosia hukikosa. Kwa hiyo njia ya salama kwa wote ni hii: apewaye mali asitegemewe kuwa shahidi, wala asiwe mwandishi.

Tena yapo mambo ambayo wosia hauwezi kuyafanya. Mtu hawezi kuusia kisicho chake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yampa mke haki sawa na mumewe ya kupata na kumiliki mali. Basi kilicho cha mke hakiingii katika wosia wa mume. Wala mtoto haachwi nje kimyakimya. Kwa kanuni za mila, anayemnyima mrithi fungu lake sharti ataje sababu nzito, kama vile kujaribu kumwua mzazi, au kuacha kumtunza katika njaa au ugonjwa bila sababu ya haki.

Msaada upo wapi? Mahali pa kwanza ni RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, iliyoanzishwa mwaka 2006. Sisi twaijua kwa vyeti vya kuzaliwa, lakini ofisi hiyo huandika wosia na kuuhifadhi pia. Huko husaidia hata kuondoa hofu ya sanduku kuliwa na mchwa au kuvunjwa. Mahali pa pili ni kwa wakili. Yafaa kumwuliza ada yake kabla ya kuanza. Mahali pa tatu ni kwa watoao msaada wa kisheria bila malipo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua pamoja na wasaidizi wa kisheria wakaao karibu na watu, na ofisi ya serikali ya mtaa au ya kata yaweza kukuelekeza kwao. Walio Waislamu huweza pia kumwuliza shehe ajuaye elimu ya mirathi.

Msiba ukiwa umekwisha tokea, kipo Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki huko Temeke, kilichoanza mwaka 2021 kwa mashauri ya mirathi, ndoa na mengine ya familia. Hapo ngazi za mahakama, tangu Mahakama ya Mwanzo mpaka Mahakama Kuu, zipo chini ya paa moja. Na ijulikane kwamba hata palipo na wosia, msimamizi aliyetajwa hupita mahakamani kwanza. Wosia haufuti safari hiyo, ila huinyosha.

Je, mwanafunzi hana kazi? Anayo, tena kubwa. Tuseme baba amekuita.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja na kalamu?"

"Nimekuja nayo, baba. Lakini mimi ni mrithi. Nikiuandika wosia, maneno yako yaweza kupingwa. Niruhusu niandike orodha ya mali tu, kisha nikusindikize kwa wenye kazi hiyo."

"Kwani mimi naumwa?"

"Hasha, baba. Ndiyo maana twende sasa, wakati miguu yako ina nguvu."

Orodha hiyo ndiyo kazi yetu. Andika nyumba na viwanja, kila kimoja kilipo, na karatasi yake: hati, leseni ya makazi, au karatasi ya mauziano iliyoandikwa mbele ya serikali ya mtaa, kwa kuwa viwanja vingi vya huku vilinunuliwa hivyo. Andika akiba ya benki au ya simu, mifugo, na vyombo vya kazi. Andika madeni, aliyokopa na aliyokopesha. Andika majina ya watoto wote, pamoja na yule aliye shamba, kama yalivyo katika vyeti vyao vya kuzaliwa, maana herufi moja ikipotea yaweza kuleta taabu. Kisha mwulize mzee ni nani amwaminiye kuwa msimamizi, na mtu huyo aulizwe kama yu radhi.

Wosia ukisha kutiwa sahihi, nakala isikae mahali pamoja tu, na msimamizi ajue ulipo. Mzee akinunua kiwanja kingine au akipata mtoto, arudi aubadilishe kwa maandishi, maana wosia wa maandishi haufutwi kwa neno la mdomo.

Basi, wenzangu, likizo yaja na wengi tutakuwa nyumbani. Tusiwaambie wazazi wetu kwamba watakufa; hilo walijua kuliko sisi. Tuwaambie kwamba tofali walizozipanga kwa miaka kumi zastahili karatasi moja iliyo sawa. Na tukiitwa na kalamu zetu, tuzitumie kuandika orodha. Wosia tuwaachie wenye kuujua.