Kompyuta Isiyojua Viungo Vyake

Mwishoni mwa 2017, vijiji takribani 170 vya mkoa wa Tanga, vikiwemo vya Handeni na Korogwe, vilianza kupokea kwa majaribio vishikwambi vya Pixel C kwa ajili ya watoto ambao wengi wao hawakuwahi kukaa darasani. Mtoto alikiwasha, akagusa picha, akasikia sauti ikimsemesha kwa Kiswahili. Hapakuwa na mwalimu wa kumwelekeza, intaneti haikuwepo, na fundi wa karibu alikuwa mbali. Kila programu iliyohitajika ili kioo kiitikie kidole cha mtoto na spika itoe herufi kwa sauti ilikuwa imeshawekwa ndani kabla gari halijaacha lami.

Kuna mengi ya kusimulia kuhusu jaribio lile, ila linalonirudia zaidi ni hilo la maandalizi. Aliyewahi kuunganisha kompyuta ya mezani kipande kwa kipande atanielewa. Umefunga kila skrubu, feni inazunguka, taa inawaka, halafu mashine haina sauti, picha ni kubwa na haiko wazi, na mtandao haupo kabisa. Hakuna kilichoharibika. Kompyuta hiyo ina viungo vyote, ila haijavijua.

Ukibonyeza swichi, programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye bodi kuu ndiyo inayoamka kwanza. Inapima kumbukumbu, inatafuta diski, kisha inaukabidhi usukani mfumo endeshi, uwe Windows au Linux. Mfumo huo nao unapita kwa kila kifaa kukiuliza: wewe ni nani? Kifaa hakijibu kwa jina. Kinatoa namba mbili, moja ya kiwanda na nyingine ya modeli ya kifaa. Intel hujitambulisha kwa 8086, namba ileile ya prosesa yake ya mwaka 1978. Realtek, ambao chipu zao za mtandao zimejaa kwenye bodi za bei nafuu, ni 10EC. Herufi zimo kwa sababu hesabu hii hutumia alama 16 badala ya 10, na alama nne tu zinatosha kutengeneza namba tofauti 65,536.

Namba ikishajulikana, mfumo hutafuta kwenye ghala lake draiva ya kifaa hicho. Draiva ni programu inayofahamu siri za kifaa kimoja: amri ipi iandikwe wapi ili sauti itoke, ishara gani ina maana kwamba data zimefika. Isipopatikana, kifaa hukaa na umeme wake kikisubiri.

Kibodi na kipanya havina shida hiyo, kwa kuwa watengenezaji wa USB, iliyotoka mwaka 1996, walikubaliana lugha moja kwa vifaa vya aina hiyo. Hata skrini hupata picha, ingawa ni ya kubahatisha, kwa amri za msingi ambazo karibu kadi zote za picha huzielewa. Kwenye Wi-Fi ndipo makubaliano yanapokosekana, kila kiwanda na lake.

Na hapo ndipo fundo linapokaza. Draiva ya mtandao iko kwenye mtandao. Kwa mtu wa Dar es Salaam ni usumbufu wa dakika kumi, anaazima kompyuta ya jirani. Kwa mwalimu aliyepelekewa mashine shuleni ndani ya Handeni, pengine ni safari ya siku nzima hadi mjini na kurudi. Mafundi waliozoea kupiga Windows hubeba flashi yenye draiva zilizopakuliwa mapema kutoka kwa mtengenezaji wa bodi yenyewe. Njia ya pili ni simu: ichomeke kwa waya wa USB, iruhusu kugawa intaneti, na mara nyingi kompyuta itaipokea mara moja, kwani Windows na Linux huja tayari na draiva ya muunganisho huo.

Lakini angalia bando lako. Windows ikipata mtandao tu huanza kuvuta masasisho, na hayo huhesabiwa kwa gigabaiti. Bando linaweza kwisha kabla draiva ya sauti haijafika. Kwa hiyo kabla ya yote ingia kwenye mipangilio, uonyeshe kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo. Rekebisha na tarehe. Saa ikiwa nyuma kwa miaka, tovuti salama zitakataa kufunguka, maana vyeti vyake vya usalama vina siku ya kuanza na siku ya kuisha.

Jambo moja nalisisitiza kwa moyo wote: usipakue programu zinazojinadi kuwa zitakutafutia draiva zote bure. Draiva nyingi hufanya kazi kwenye kiini cha mfumo, mahali ambapo kosa moja huangusha mashine nzima. Tarehe 19 Julai 2024 dunia iliona hilo. Kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilituma faili lenye kasoro, sehemu ya programu yake inayoishi ndani ya kiini cha Windows ikalisoma, na kompyuta takribani milioni 8.5 zikazimika. Ndege zilibaki chini, hospitali zikaahirisha matibabu. Hao ni wataalamu wenye nia njema. Faili la mtu usiyemjua utalipaje imani hiyo?

Vishikwambi vya Tanga havikupitia tabu hizi. Kishikwambi hutoka kiwandani na viungo visivyobadilika, hivyo Android yake hubeba draiva zake zote tangu mwanzo. Juu yake, timu tano za fainali ya shindano la Global Learning XPRIZE ziliweka masomo yaliyopaswa kujiendesha yenyewe, na vijiji vikapewa vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua. Kwa mtoto anayesikia Kizigua nyumbani, programu ilipaswa kumfundisha kusoma Kiswahili pasipo kumwandikia maelekezo, maana asiyejua kusoma huwezi kumwandikia.

Kabla ya jaribio, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu. Mei 2019, mbili kati ya timu hizo tano, onebillion ya Uingereza na Kitkit School, ziligawana zawadi ya dola milioni 10. Nusu iliyobaki inaniuma, na sidhani kwamba kioo chochote kingechukua nafasi ya mwalimu. Hata hivyo programu zile ziliachwa wazi, na yeyote anaweza kuzichukua.

Anayeandaa kompyuta ya shule leo, aimalizie kazi Korogwe mjini. Achomoe waya wa mtandao, azime simu, awashe mashine upya. Achape ukurasa mmoja, acheze somo lenye sauti, afungue picha. Flashi yenye draiva zote aifunge kwa gundi ndani ya kasha, pembeni ya diski, ambako fundi ajaye ataiona akifungua. Kisha apakie.