Mvua Imerudi, Zizi Bado

Ukame ukikatika kaskazini mashariki mwa Kenya, habari huwa ni ile ile: mvua imenyesha, nyika ni kijani, wafugaji wameshusha pumzi. Anayepita barabara ya Garissa kwenda Dadaab wiki tatu baada ya mvua kubwa ataamini kabisa kwamba hali imerudi kama zamani. Kweli malisho hurudi upesi. Lakini zizi lina kalenda yake, na kalenda hiyo inafuata tumbo la mnyama.

Hata hayo malisho yanataka kuangaliwa vizuri. Kijani cha kwanza ni cha nyasi za msimu, ambazo mbegu zake zilikuwa zimelala ardhini zikingoja maji. Huchipua ndani ya siku chache, hutoa mbegu haraka, kisha hukauka na kupeperushwa na upepo wa hagaa, kiangazi cha katikati ya mwaka. Nyasi za kudumu, zenye mashina magumu na mizizi iliyozama, ndizo ng'ombe anazozitegemea jilaal, kiangazi kikali cha mwanzo wa mwaka, ikifika, na hizo hazijengeki kwa msimu mmoja. Zinahitaji kupumzishwa. Kandokando ya visima vya kuchimbwa na makazi mapya hakuna wa kuzipumzisha, kwa hiyo mathenge huingia. Mti huu asili yake ni Amerika, na ulipandwa katika maeneo kama Bura, ng'ambo ya Mto Tana, ili kupata kuni na kuzuia mmomonyoko. Mbuzi hula maganda yake matamu, kisha hutawanya mbegu kila anapopita. Bima ya mifugo iliyoanza Marsabit mwaka 2010, na kufika Wajir mwaka 2013 kwa utaratibu wa takaful, yaani bima ya Kiislamu, hutumia setilaiti kupima ukijani wa nchi. Setilaiti haijui kama kijani inachokiona kinaliwa, au ni mathenge.

Sasa tuje kwa mifugo. Jike aliyetoka kwenye ukame mbavu zikihesabika hapandwi kesho yake mvua ikinyesha. Mwili hujaza nyama kwanza, halafu ndipo joto hurudi. Mbuzi akishika mimba hubeba miezi 5, na mtoto wake wa kike anaweza kuzaa akiwa na mwaka mmoja na nusu hivi. Ng'ombe hubeba miezi 9, na kwa malisho ya nyika mtamba huzaa mara ya kwanza akikaribia miaka 4. Ngamia hubeba kama miezi 13, huanza kuzaa akiwa na miaka 5 au 6, na baada ya hapo hupata ndama mmoja kila miaka 2 mambo yakienda vizuri.

Tuchukue nyumba moja ya kubuni iliyobaki na mbuzi majike 12 na ng'ombe majike 3. Mbuzi wale, hata tukitoa wanaokufa, wanaoliwa na fisi na madume wanaouzwa kwa ajili ya karo, sukari na unga, wanaweza kuwa kundi la kuheshimika baada ya miaka 3. Ng'ombe ni hesabu nyingine. Kila mmoja akizaa mara 3 katika miaka 6, hao ni ndama 9. Ondoa wanaokufa, wabaki 6 au 7. Nusu yao ni madume. Mitamba 3 au 4 waliobaki, mkubwa wao labda ndiyo kwanza amezaa. Baada ya miaka 6 ya mvua nzuri, nyumba hiyo imeongeza kundi lake la ng'ombe majike mara mbili tu.

Miaka 6 hiyo haipatikani. Ukame wa 2010 na 2011 ulifuatwa na wa 2016 na 2017. Kisha mwishoni mwa 2020 ukaanza ule wa misimu mitano mfululizo iliyokosa mvua, uliodumu hadi mapema 2023 na kuua zaidi ya mifugo milioni 2 nchini Kenya. Miezi michache baadaye, mafuriko ya El Niño ya mwaka huo huo yakasomba wanyama waliosalia. Nafasi kati ya ukame na ukame imekuwa fupi kuliko muda ambao ng'ombe anauhitaji kujirudisha. Wengi wanaopunguza ng'ombe na kuongeza mbuzi na ngamia hawafuati mtindo. Mbuzi hurudi upesi. Ngamia huchelewa kuzaa, lakini hafi kirahisi, na hukamwa wakati ng'ombe amekauka.

Jamii zenyewe zina njia za kuziba pengo hilo. Wasomali wana irmaansi: mwenye ngamia au ng'ombe wa maziwa humwazima jamaa aliyepoteza mifugo amkame, kisha mnyama hurudishwa. Waborana wana busa gonofa, mchango wa ukoo unaompa aliyeanguka mifugo ya kuanzia. Udhaifu wa njia hizi unajulikana: ukame mkubwa humpiga mtoaji na mpokeaji pamoja.

Kuna hatari moja inayosahauliwa wakati wa furaha. Baada ya ukame mrefu majike hupata nafuu kwa pamoja, hupandwa kwa pamoja, na hubeba mimba kwa pamoja. Mvua ikizidi ikafurika, mayai ya mbu yaliyokaa miaka kwenye udongo mkavu wa madimbwi huanguliwa, na baadhi ya mbu hao huzaliwa wakiwa na virusi vya homa ya Bonde la Ufa. Ugonjwa huo ulilipuka Garissa mwishoni mwa 1997 na tena Desemba 2006, ukaua watu, ukafunga biashara ya mifugo, na makundi mazima ya mifugo yakatupa mimba. Chanjo lazima itangulie mvua. Na ile ya zamani iliyotumika Kenya kwa miaka mingi, ya virusi hai vilivyodhoofishwa, nayo inaweza kuharibu mimba. Daktari wa mifugo akikuuliza mbuzi wako walipandwa lini kabla hajafungua kasha la chanjo, mjibu vizuri. Akikosea hapo, unasubiri msimu mwingine.